Siku Baba Alipokunywa wa Pili

Kwa mume mwenzangu Deusi,

Shikamoo yako imefika hapa Kimuli, nami nimeiitikia kwa sauti mpaka mke wetu, bibi yako, akadhani nazeeka vibaya. Yeye mzima, goti tu linamsumbua.

Unauliza, kwa ajili ya masomo yenu ya makuzi ya binadamu, mtu huwa mtu mzima akiwa na umri gani. Unamuuliza babu wa darasa la nne!

Miaka ile baada ya vita nilikuwa na mke na watoto wawili, lakini baba aliniita "katoto" mbele ya watu. Wakwe zangu walikuwa wanakuja, tukafukia ndizi za pombe shimoni ziive. Siku ya nne baba akataka tuzifukue.

"Baba, bado siku moja."

"Katoto kananifundisha pombe?"

Akafukua nusu, akazikanyaga na majani mpaka akalowa jasho. Hazikutoa maji hata ya kulowesha kidole. Sikucheka. Nilicheka baadaye, nyuma ya nyumba.

Kesho yake nilikanyaga nusu iliyobaki, maji yakajaa mtumbwi wa kukamulia.

Wakwe walipofika, pombe ikiwa tayari, baba alishika kibuyu ili aonje kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba. Akasita, kisha akanipa mimi, baba mkwe akitazama.

"Onja, mzee mwenzangu. Hii ni yako."

Nikanywa, baba akafuata.

Waambie walimu wako kwamba siku ile aliyekua zaidi ni baba. Mimi nililewa tu.

Babu yako