Alimwambia nesi anaishi peke yake

Shoga, uko? Usinipigie, mume wangu yuko sebuleni, atasikia.

Leo watu wa afya wameweka hema pale sokoni, wanapima TB bure. Nikamburuta mume wangu twende wote, si unajua kikohozi cha mtoto hakiishi.

Nesi kumwona tu, akacheka. "Fundi! Leo umekuja na wageni? Dawa zinaendeleaje?"

Dawa gani?! Zile alizoniambia ni za vidonda vya tumbo!

Nikasema mimi ni mkewe, na huyu ni mwanawe. Nesi kicheko kikamkauka. "Mke? Mbona alituambia anaishi peke yake? Tungewapima zamani, mtoto angepewa dawa ya kumkinga."

Peke yake, shoga. PEKE YAKE. Na mtoto halali mpaka awe kifuani kwake!

Njiani ananiambia, "Niliogopa utamchukua mtoto uende kwenu." Kwa hiyo akaona bora tukohoe wote?

Mtoto amepimwa, majibu ni kesho. Muda si mrefu baba yake alikuja chumbani akamnyooshea mikono, nikakataa kumpa. Mtoto analia, anamtaka yeye. Mimi ananisukuma.