Mwenye Shingo Hajaulizwa

Mama watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe tu. Gesi inakaribia kwisha.

~~Ile dawa ya tezi ya shingo usimpe bado. Haya, umeshinda wewe, tungoje miezi mitatu apimwe tena.~~

Nimekata hapo juu. Ngoja nikueleze, ingawa lori linanguruma nje na safari ni ndefu.

Ulipotoka kwenda kazini, nilimkuta binti yetu ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amesinzia. Nikamtania kama kawaida: "Haya Kobe, shule ikufuate hapa?"

Hakucheka. Akasema, "Baba, mimi si mvivu. Hata kuchana nywele nachoka. Daktari alisema tunaweza kuanza dawa au kungoja, na nyinyi mnabishana jikoni wiki nzima. Nasikia kila kitu. Mbona mimi hamjaniuliza?"

Nilikosa pa kuficha uso. Mke wangu, mwaka mzima namwita Kobe, kumbe uchovu huo ndio ugonjwa wenyewe wa tezi.

Basi nikamuuliza. Anaogopa asije akameza vidonge maisha yake yote, lakini anataka kuanza. Kidonge cha kwanza ni kesho alfajiri, kabla ya chai, kwa maji matupu. Ameomba uwe karibu naye.

Mimi nimekubali. Kama wewe bado unakataa, mwambie yeye mwenyewe, macho kwa macho. Usininong'oneze mimi kwenye simu.

Baba watoto