Nesi, Mwambie Daktari

Kisiwani Vava'u, Jumapili

Kaka Sosaia,

Viazi vikuu vimefika, nimevipika kwa tui la nazi. Usikanyagie mguu huo kabla ya wiki mbili kwisha. Nakujua, hushauriki.

Miaka ishirini nimetibu majeruhi wa matetemeko na mafuriko nchi za watu, na sikuwahi kuogopa. Kisha kimbunga kikapiga kwetu, na wa kwanza kuletwa hemani kwangu ukawa wewe, paja limechanwa na bati. Tangu tubalehe hatujakaa chumba kimoja tukazungumza ana kwa ana, kama mila ya kaka na dada inavyotaka. Lakini daktari nilikuwa peke yangu. Nikamwambia nesi Lupe atundike pazia kati ya uso wako na wangu, nikashona.

"Nesi, mwambie daktari sindano yake ni butu!"

"Nesi, mwambie mgonjwa anyamaze, au mama yake aitwe."

Maskini Lupe, alicheka hadi machozi.

Halafu damu ikazidi, ukanyamaza kweli. Niliogopa, kaka. Ndipo ukaita, "Kibogoyo!", jina ulilonipa nilipong'oka meno ya utoto. Hukumtuma nesi.

Nami nikajibu mwenyewe, "Nipo."

Ni mimi,
Kibogoyo