Ikembe la Kopo la Mafuta

Kambini, Jumatatu 10 Novemba 1997

Dada Leonia, shikamoo. Kabla sijauliza hali ya mama na watoto, acha nitoe hili linalonikaba: ikembe la baba, kile kinanda chake cha vidole gumba, halikuibwa na mgeni wetu Yunisi. Nililichukua mimi, nikaenda kujionyesha Kibirizi, likaniponyoka nikishuka mtumbwini, likazama. Siku ulipompekua furushi lake uani mbele ya majirani wote wa Gungu, wakamwita mkimbizi mwizi, akaondoka kwetu, mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, kimya.

Haya, mama anaendeleaje? Bado anaukataa uji? Mimi mzima, kazi ya ulinzi hapa inakwenda.

Na Yunisi yuko hapahapa kambini. Nilimsikia kabla sijamwona. Amejitengenezea ikembe kwa kopo la mafuta ya mgao, vyuma vyake ni vya mwavuli mbovu, kavigonga mwenyewe kwa jiwe, na vidole gumba vyake ni vilevile. Dada, ungemwona! Asubuhi hukaa na kina mama kwenye foleni ya kliniki, na vichanga vilivyolia tangu alfajiri vinatulia. Kuna mtoto wa kike hakusema neno tangu wavuke ziwa. Siku moja akaanza kuitikia, halafu akamwambia Yunisi kuwa wimbo anaukosea. Tulicheka mpaka machozi! Vijana wanaogombana bombani akiwaanzishia wimbo wa kupokezana ndoo, matusi wanayasahau. Na mzee mmoja ambaye hata mkewe hamjui tena, akipigiwa wimbo wa arusi yao anamshika mkono, anamwita jina.

Nikamkumbuka mama alipopooza. Si alikuwa hamezi kitu mpaka Yunisi apige?

Juzi nilimwendea kumwomba radhi. Akaniambia alijua tangu siku ileile, aliniona nikitoka na ikembe ndani ya koti. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema mama ana mtoto wa kiume mmoja tu, na yeye mgeni kufunga furushi alishazoea.

Barua hii anakuletea Dismasi wa lori. Kibali cha Yunisi cha kutoka kambini nimeshakipata. Jumapili hii, watu wakitoka kanisani, tutakuwa tumefika. Waite majirani walewale, wakae uani palepale. Nitasema mwenyewe, kwa sauti. Yeye atapiga akipenda.

Wasalimie watoto. Mama umtoe nje, na uji uwe tayari.

Mdogo wako,
Martini