Benki Imekataa Uso wa Mama

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Duka la Vifaa vya Umeme.
Jumapili, 14 Julai

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Bonyeza,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimeachia, au bado unakilazimisha kwenda nacho kazini? Unakula chakula cha maana, au ni mkate na chai tu kama mlinzi wa zamu? Na yule msimamizi wenu wa ghala, amejifunza kucheka? Mimi mzima. Mgongo unauma kwa kuinamia cherehani, lakini huo mgongo unaujua, ulianza kulalamika wewe ukiwa darasa la kwanza.

Utashangaa kuona karatasi badala ya sauti yangu. Simu ya nyumba iko kando ya kitanda cha Mama, na kuta zetu hizi unazijua, ukikohoa jikoni unaulizwa chumbani. Nilichonacho leo sitaki akisikie. Barua hii anakuletea mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, yule mwalimu, anakuja huko kusoma. Mkaribishe, ametusaidia sana.

Uliniuliza kama benki za kwenye simu, hizi zisizo na jengo, zinafaa kwa matumizi ya kila siku, maana wenzako kazini wamehamia huko wote na wewe unataka kuhamisha mshahara wako. Ukasema, "Dada, wewe unaitumia kila siku, niambie ukweli." Nimeusoma ujumbe wako nikacheka peke yangu, cheko la mtu aliyechoka. Haya, kaa chini nikuambie.

Mwanzoni ilinifaa, sitaidhulumu. Ulipokuja likizo ukatufungulia ile akaunti, ukizunguka nyumba nzima ukisema "bonyeza hapa tu, bonyeza hapa tu" mpaka ukapata jina, nilikuwa wa kwanza kukubeza na wa kwanza kunyamaza. Foleni iliisha. Makato ya kila mwezi yaliisha. Umeme nalipia nikiwa nimeketi, uzi na vifungo nalipia dukani bila kutafuta chenji, na kila kitu kikitoka simu inalia ting. Mama aliipenda hiyo ting kuliko redio.

Nawe uliposema akaunti lazima iwe na uso wa mtu mmoja, hatukubishana ni wa nani. Pesa ya nyumba hii imekaa kwa Mama tangu tunatambaa. Mimi na mashono yangu, Kaka na mabomba yake, wewe na unachotuma, vyote vinaingia kwake na vinatoka kwake. Basi ukaipiga picha sura yake, akageuka kulia, akageuka kushoto, akakuuliza kama unamtafutia mchumba. Nadhani hakuna nyumba nyingine iliyofanya ujinga huo, kuiweka familia nzima kwenye shavu la mama mmoja.

Lakini tulifurahi, Bonyeza. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mtu akitaka kununua kitu anakwenda na simu mpaka alipo Mama, anasema, "Mama, toa uso." Akikubali anatazama kamera kama anayepigwa picha ya harusi. Asipokubali anafumba macho. Kaka alitaka viatu vya pili wakati vya kwanza havijapinda hata kisigino, Mama akafumba macho, akaanza na kuimba. Kaka alimzunguka na simu kama nzi, akambembeleza, akamtekenya. Wapi. Tulicheka mpaka mpangaji akatoka kuuliza kuna nini.

Sasa nikuambie lililotupata. Mwezi wa tano nilikuambia Mama ana homa. Haikuwa homa. Aliinama kuokota sabuni ya kufulia akashindwa kuinuka, na nilipofika pale midomo yake ilikuwa inasema kitu kisichokuwa maneno. Ni kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelala, na upande huo wa uso umeshuka, jicho na shavu na pembe ya mdomo, vyote vimeshuka pamoja. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na mtihani wa kupandishwa cheo na Kaka akasema tusikutoe mchezoni. Umekasirika, najua. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Hospitali walimpokea vizuri. Kwenye dirisha la malipo wakatuambia tuweke pesa ya kuanzia ili apigwe picha ya kichwa. Pesa ilikuwepo. Ndiyo inayoniuma mpaka leo, mdogo wangu, pesa ilikuwepo, nikiitazama kwenye kioo cha simu, ya kutosha na kubaki. Kaka akaichukua simu, akakimbia nayo wodini akamwinulia Mama kamera. "Uso haujatambuliwa. Tafadhali jaribu tena." Akajaribu tena. "Tafuta mahali penye mwanga." Kaka akatoa tochi yake ya kazini akamwangazia. "Ondoa kitu kinachofunika uso." Na hakuna kitu kilichofunika.

Hapo ndipo Mama alipoelewa. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akalishika shavu lililoshuka akalipandisha kwa vidole, akakaa hivyo akiitazama simu. "Huyu si mwenye akaunti." Halafu ikajifunga.

Namba ya siri tunayo, usinitumie ujumbe kuniuliza. Inafungua, inakuonyesha, lakini haitoi, kwa jinsi ulivyopanga ili wezi wasitukombe. Siku ile tulikopa kwa mpangaji na kwa mwenye duka la umeme. Kaka aliuza mashine yake ya kukatia mabomba, na sasa anakata kwa msumeno wa mkono kama enzi za Baba.

Nikaanza kutafuta watu wa benki. Nilikuwa na nguo za harusi ya watu mezani, sikuzigusa, nilishinda na simu mkononi. Nikiandika, najibiwa papo hapo: "Pole kwa usumbufu!" na kaua kadogo pembeni. Namweleza mama yangu amepooza. "Asante kwa taarifa. Je, nimekusaidia? Ndiyo. Hapana." Nikibonyeza hapana, ananiambia tena pole, na kaua kale kale. Natafuta mlango wa kwenda kulilia, hakuna mlango. Ile benki yetu ya zamani ilikuwa na foleni ya kukufanya uote mizizi, nakubali, ila yule mama wa kaunta angemwona Mama kwenye kiti cha magurudumu akajua ni nani. Angetoka nje. Hata kama angekataa, angekataa akimtazama.

Mwishoni wakasema tutume video mpya ya mwenye akaunti. Ageuze kichwa, kisha asome kwa sauti: "Mimi ndiye mwenye akaunti hii." Basi. Sentensi ndogo tu, mtoto wa chekechea angeisema. Mama alijaribu mpaka jasho likamtoka. Alikuwa anaanza vizuri, "Mimi," hiyo inasikika, halafu yaliyobaki yanamwagika. Video zote zimerudi. Zimekataliwa kwa sababu sauti haieleweki na uso haulingani.

Lakini hakukata tamaa, na hili nataka ulijue. Aliniomba kwa ishara kile kioo changu cha wateja kujipimia nguo. Nikakiegemeza mbele ya kitanda. Kila asubuhi kabla ya chai anajitazama, anavuta shavu, anasema "Mimi, mimi, mimi." Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule kliniki akamsifu, akasema wagonjwa wote wangekuwa na bidii hiyo angepumzika. Hakujua kwamba mgonjwa wake hafanyi mazoezi ya kupona. Anafanya mazoezi ya kufanana na picha yake.

Nimefika pale ninapopaogopa. Jumamosi, si ya jana, ile ya kabla yake, nilikuwa namwogesha. Nilikuwa nimejifunga kitambaa chake cha kichwa, changu kimelowa. Simu ikawaka, nikaiinua usoni nione ni nani, maana miwani sikuwa nayo. Yalikuwa yale malipo ya kliniki ambayo Kaka alikuwa ameyajaribu yakakwama. Ikanitazama. Ikalia ting.

Malipo yamepita. Iliniona mimi, ikanipokea, ikasema "Karibu tena" na jina la Mama.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakisema mimi na Mama tumetoka kwenye kalibu moja? Nilikuwa nachukia nikiwa msichana. Sasa ndiyo imenifungulia benki. Nilipiga kelele, nikadhani tumeokoka. Nikageuka kumwonyesha, na Mama alikuwa ananitazama. Hakufurahi, hakulia. Alinitazama tu, kisha akafumba macho. Nikakumbuka akifumba macho maana yake ni nini katika nyumba hii.

Tangu siku hiyo madeni nimeyalipa, yote, hata ya mpangaji. Dawa zipo. Kila ninaponunua mkate natoa uso wangu na ting inalia, na kila inapolia natamani kuitupa simu chooni. Sijui hata kama ni kosa la sheria ninalolifanya. Ninalojua ni kwamba kioo amekigeuzia ukutani. "Mimi, mimi" imekwisha. Juzi kliniki kijana wa mapokezi akaita jina lake, akauliza mwenyewe ni yupi, Mama akaninyooshea kidole mimi. Kijana akacheka akidhani bibi ni mcheshi. Nawe unajua Mama ni mcheshi. Nilimchungulia machoni nikitafuta mzaha, Bonyeza, nikakosa. Mtaalamu anasema akiacha mazoezi miezi hii ya mwanzo, kilichoshuka kitabaki kimeshuka. Nimembembeleza, Kaka amembembeleza. Hataki kutusikia. Moyo umenivunjika na sioni wa kuuunga.

Kuhusu swali lako, basi, kwa sabuni na nauli na mkate, tumia, inafaa, ni nyepesi na haina foleni. Weka humo pesa ya wiki. Mshahara wako acha mahali penye mlango, ambapo siku ukiamka hufanani na wewe kuna mtu unaweza kwenda kusimama mbele yake. Na ukifungua, weka njia ya pili ya kukufungulia, ile uliyosahau kutuwekea sisi. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo, itapita.

Kaka anakusalimu, anasema ukirudi uje na mashine ya kukatia mabomba na si marashi. Mwenye duka la umeme naye anakusalimu. Shangazi anayeongea kwa sauti ya juu amekuja mara mbili na mara zote ameongea na Mama kama kiziwi. Za Mama sina, hajui kwamba nakuandikia.

Neno la mwisho. Unakumbuka ulipopiga wiki iliyopita, mtu akapokea akasema kitu, ukauliza, "Nani huyu? Hebu mpe Mama simu"? Nikaichukua haraka nikakuambia mtandao mbaya na Mama amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa, alisema "haloo mwanangu," na aliisubiri simu yako tangu asubuhi.

Kwa hiyo piga, piga ya picha. Nitakiegemeza kioo mahali pake na nitatoka nje ya chumba. Utaona uso hujawahi kuuona, ujikaze, usinitafute mimi nyuma yake. Uanze wewe kumwita Mama. Na tafadhali, mdogo wangu, usiseme apewe simu. Atakuwa ndiye aliyeishika.

Mungu akulinde katika kazi zako na akurudishe ukiwa mzima, utukute tukiwa wote.

Akupendaye hata akiwa amekukasirikia,
Dada yako wa cherehani