Rangi Mbichi Juu ya Chuma Kilichoungua

Jumanne. Joto la kukaba, upepo hakuna. Chakula alichonipakulia mama nimekirudisha jikoni kama kilivyo.

Nina kinyaa. Naandika, labda kitatoka.

Leo kazini, uwanja wa ndege, nilipewa nikague mguu wa gurudumu wa ndege ndogo ya abiria inayokwenda Pemba. Kwetu fundi mmoja hutengeneza, mwengine hukagua, akiridhika hutia saini ndipo ndege iruke. Aliyetengeneza ni Fundi Khatibu, mtu aliyenifundisha kazi hii tangu siku ya kwanza.

Nilipoinama nilinusa rangi mbichi. Mguu mzima rangi yake kuukuu, ila pahala padogo karibu na pini inayoushikilia pameng'aa. Nikapakwangua kwa ukucha. Chini yake chuma kimegeuka buluu, na katikati kijivu.

Nikamuuliza.

"Pini ilikwama," akasema. "Nkaipasha kidogo kwa gesi. Chuma si nyama, Zuhura, hakiungui."

Kayasema yeye. Yeye aliyenifundisha kwamba chuma hiki hupata nguvu zake motoni: hutiwa tanurini mpaka kiwe chekundu, kikazamishwa kwenye mafuta kikawa kigumu, lakini chepesi kupasuka, kisha hupashwa tena kwa moto wa pole, saa kadhaa, kiweze kustahamili kishindo cha kutua. Kila moto una kipimo chake. Ukija kukichoma ovyo baadaye, nguvu zile zimekwenda, na kwa macho huoni kitu isipokuwa ile buluu.

Na buluu ndiyo aliyoifunika.

Kosa la moto ningelisamehe. Hiyo brashi ya rangi siwezi.

"Tia saini, mwanangu. Watu wanangoja."

Nilishika kalamu. Niseme kweli: niliandika herufi ya kwanza ya jina langu. Kwa mkono wangu mwenyewe. Hicho ndicho kinachonichefua zaidi.

Kisha nikaikata, nikaandika mguu ufunguliwe, nikapeleka kitabu cha ukaguzi kwa meneja. Safari ikafutwa. Mama mmoja aliyekuwa akiwahi maziko Chake, huko Pemba, alikaa juu ya begi lake akalia kimya. Sikuweza kumtazama.

Alasiri mafundi wengine waliupima ule mguu. Penye buluu chuma kilikuwa laini kuliko kwengine kote. Wakautia alama nyekundu, hautaruka tena. Fundi Khatibu akasimamishwa kazi.

Alinipitia akiwa amebeba mkoba wake wa vifaa. "Ungenambia mie kwanza, tungeyamaliza wenyewe."

"Nlikuuliza, Fundi," nikamjibu. "Ukanambia hakiungui."

Akaenda zake. Hata radhi hakuomba.

Nimekoga mara mbili na harufu ya rangi bado ipo puani.

Tunakaa mtaa mmoja, Kikwajuni. Kesho asubuhi nitapita mlangoni kwake, na ni mkubwa wangu, lazima nimwamkie.

Hiyo shikamoo, itanitoka?