Kwa Mume Wangu Aliyekataa Kusema Alivuka Mpaka

Mpendwa Baba Achieng,

Simu yako bado inasema mteja hapatikani, kwa hivyo naandika. Nikiongea, Achieng atasikia hofu kwa sauti yangu.

Unakumbuka tulivyojuana pale stendi ya Kawangware 56? Nilikuwa mgeni Nairobi, nimetoka Kakamega juzi tu, nikasimama mbele ya karai lako nikitafuta mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwanda kikishatoa nyama. Ukaniuliza kwa Kijaluo nataka ngapi. Nikakujibu kwa Kiluhya, makusudi, na ukacheka mpaka samaki wakaungua. Tangu hapo nyumba yetu ya Sarang'ombe imekuwa na majina mawili ya samaki, na Achieng akisema "samaki" tu, kwa Kiswahili, unamuuliza kama yeye ni mgeni wa serikali.

Ukaidi wako niliuona baadaye. Samaki wa friza walipojaa sokoni, wenzako waliwauza kama wa ziwani. Mama mmoja akakuuliza kama samaki wako wa ngege ametoka Kisumu. Nilikufinya mkono unyamaze. Wewe ukamwambia, "Huyu ametoka Uchina, mama. Ziwa letu hajawahi kuliona." Akaenda kununua kwa jirani. Tulikula wale samaki sisi wenyewe, na kabla sahani hazijaoshwa ukawa umeamua kurudi nyumbani ukavue. Nilikusindikiza nikiogopa mawimbi. Mpaka wa ziwani sikuufikiria hata kidogo. Ningeufikiriaje? Hauonekani.

Omondi, uliyekuwa naye kwenye mtumbwi, alikuja kuniona akitokea huko. Aliketi kwenye kile kiti chako na chai ikapoa mbele yake. Akasema boti ya doria ya upande wa pili iliwakuta mkitoa nyavu, na wewe ukawasalimia wale askari kwa Kiswahili, ukidhani ni lugha ya sisi wote. Lakini watu wa kule Kiswahili wanakijua kama lugha ya bunduki, iliyotumiwa na wanajeshi wao, na hao wakakujibu hivyo hivyo, kwa amri. Mlipofikishwa kambini mliambiwa ni rahisi: kila mmoja akiri kwamba alivuka, atie alama ya kidole, aende nyumbani.

"Shemeji, mimi niliinama nikasema nilivuka," Omondi aliniambia. "Yeye alisema hapo ndipo baba yake alipomfundisha kutupa wavu, na hawezi kuwapa mahali hapo kwa mdomo wake."

Nilikuwa nakuona ukiyasema hayo, na shingo yako ilivyokakamaa.

Kisha ukapiga simu, kwa namba nisiyoijua. Ulisema, "Mke wangu, mimi ni mzima wa afya. Ninatendewa vyema. Tafadhali usiwe na wasiwasi." Baba Achieng, hujawahi kuniita mke wangu. Hujawahi kuniambia tafadhali. Kilikuwa Kiswahili cha taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi, na nilijua kuna mtu amesimama karibu yako anasikiliza. Nikauliza kama unakula. Simu ikakatika, na nikabaki nimeishikilia sikioni kama mjinga, mpaka Achieng akaniuliza baba amesema nini. Nikamwambia, "Amekusalimia."

Tangu siku hiyo nasikiliza redio nikipara magamba penye karai lako, ambalo naliendesha mimi tangu uondoke. Wakubwa wetu wanasema suala hilo linashughulikiwa kwa njia za kidiplomasia. Wakubwa wao wanasema sisi ni ndugu. Wateja wanabishana mbele ya karai, mmoja anataka jeshi lipelekwe, mwingine anasema kinachogombaniwa ni mawe na maji tu, na mimi nageuza samaki tu, maana hawajui ni mume wa nani wanayembishania. Gari likifunga breki nje, nakimbilia mlangoni. Simu ikilia, naogopa kuishika. Isipolia, naogopa zaidi.

Kesho nakuja. Tunaenda wanawake wachache, wake na mama wa wavuvi, na Achieng ataachwa kwa dada yangu anayeishi Kabiro. Omondi amenifunza: nisalimie askari kwa upole, nisitaje mpaka, nisiongee Kijaluo mbele yao, niseme mume wangu alipotea njia kwa sababu ya ukungu. Nimeifanyia mazoezi hiyo sentensi nikiosha vyombo. Ni uongo, lakini nitaisema.

Nawe ukiniona, nisaidie. Sema ulivuka. Ziwa halitahama kwa neno lako, baba yako hatakasirika, na mimi nitajua ukweli maisha yangu yote. Sikuombi uamini, nakuomba useme tu.

Nimewaza kila kitu kinachoweza kutokea pale, hata kwamba nitakuta umehamishwa na hakuna anayejua ni wapi. Lakini linaloninyima usingizi ni dogo kuliko hayo. Ni kwamba nitafika, watakuleta mbele yangu, nitakuomba, utaniangalia kwa upendo kabisa, na utakataa.

Vumilia, nakuja.

Wako,
Mama Achieng